Hukumu ya Matata haijajibu swali la Maniema

Mei 20, 2025 Mahakama ya Katiba mjini Kinshasa ilimhukumu Augustin Matata Ponyo, mwana wa Maniema na waziri mkuu wa Kongo kuanzia 2012 hadi 2016, miaka 10 ya kazi ya kulazimishwa kwa ubadhirifu wa fedha za mradi wa kilimo wa Bukanga-Lonzo. Wafuasi wake wanadai mpinzani ananyamazishwa na kwamba, akiwa mbunge, hakuondolewa kinga. Wanaoiunga mkono serikali wanasema sheria imefuata mkondo wake.

Lakini kwa mkulima wa mpunga wa Kasongo au Kabambare, mabishano hayo hayatengenezi barabara ya kufikia soko. Kifungu cha 175 cha Katiba ya 2006 kinaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe hukohuko yanakokusanywa. Chini ya Kabila na sasa Tshisekedi, kifungu hicho hakijatekelezwa ipasavyo. Waliokuwa upinzani wameingia madarakani, na mikoa bado inasubiri Kinshasa. Kwa hiyo kumhukumu kiongozi mmoja hakutoshi. Wananchi wataipima serikali kwa fedha zitakazofika mkoani.