Mhami ni raia, si mgeni wa mashirika

Bunia, Beni, Butembo: siku ya kugawa unga, magari ya mashirika ya kiutu yanaelekea kambini. Lakini sehemu kubwa ya wahami wa vita mashariki mwa Kongo hawako kambini. Wamepokelewa na familia za watu. Vyumba viwili vinalaza watu kumi na wawili, chungu ni kimoja, na hakuna orodha inayowajua, wao wala mwenye nyumba.

Ni nani anapaswa kuwahesabu? Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2009, uko wazi: wajibu wa kwanza wa kulinda wahami ni wa serikali, nayo inapaswa kuwa na daftari la wahami wote na kuwapa vitambulisho walivyopoteza. Wote, si wale wa hemani tu. Mashirika yalikuja kusaidia serikali, hayakuja kukaa mahali pake.

Somo lilionekana mwaka 2025. Marekani, iliyotoa karibu 70% ya pesa za msaada wa kiutu kwa Kongo mwaka 2024, ilikata msaada. Uamuzi ulitoka Washington, sahani zikabaki tupu huku. Msaada ambao mtu wa ng'ambo anaweza kuuzima si mpango wa nchi. Ni huruma ya jirani, na jirani naye huchoka.

Wakubwa wanajibu: pesa hakuna, vita inakula zote. Lakini kuandika majina hakuhitaji ndege. Shefu wa avenue anajua kila parseli ina watu wangapi. Kinachokosa ni wafanyakazi wa mambo ya jamii wanaolipwa mshahara, wapite nyumba kwa nyumba. Tena kinakosa kifungu katika bajeti ya jimbo ambacho pesa zake zinatoka kweli. Cheti cha umaskini kinampa mgonjwa haki ya kutibiwa bure. Hakuna anayelipa hospitali, kinabaki karatasi tu.

Basi, kabla bajeti ya jimbo haijapitishwa, raia wawaulize wakubwa wa jimbo: wahami wa kwenye familia wameandikwa wapi? Familia iliyowapokea itasaidiwa na nini? Mfanyakazi wa jamii atalipwa mwezi gani?

Nao wahami wasingoje gari. Waende kwa shefu wa avenue pamoja na aliyewapokea, majina yaandikwe. Asiyeandikwa ni rahisi kusahauliwa.