Mzigo unajulikana unakokwenda, mwenye mzigo je?

Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Namanga kila wiki ana hesabu nyingi kichwani. Anajua gunia la maharage limeamkia bei gani Arusha, litauzwa kwa shilingi ngapi za Kenya upande wa pili, na atabakiwa na nini akishalipa nauli na wabeba mizigo. Lakini akiulizwa yeye mwenyewe anataka awe wapi baada ya miaka mitano, mara nyingi hucheka na kujibu: "Mungu ndiye anajua."

Mungu anajua, ni kweli. Ila hata mzigo hauondoki ghalani bila kujulikana unakwenda kwa nani. Mwenye mzigo ndiye huondoka nyumbani alfajiri, mwaka hadi mwaka, bila lengo lake binafsi. Faida ya Jumatatu inanunua mzigo wa Alhamisi, mzigo wa Alhamisi unalipa ada na deni, na Desemba inamkuta palepale alipoachwa na Januari.

Ubaya wa kuishi hivyo huonekana njia inapokatika. Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna unaopakana na Uganda, na mpaka huo ukafunguliwa tena Januari 31, 2022. Mwaka 2020 korona iliwazuia wachuuzi wa miguu kuvuka huku malori ya mizigo yakiendelea kupita. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti. Mtu mwenye njia moja, bidhaa moja na mteja mmoja, akipatwa na siku kama hizo, hana pa kugeukia.

Lengo si kusema "nataka maendeleo". Lengo lina jina, kiasi na tarehe: kumaliza msingi wa nyumba kabla ya masika, kuwa na pasipoti ifikapo Juni, kulipa deni la duka na kutokopa tena hadi mwaka uishe. Vikundi vya akiba vipo tayari: VICOBA Tanzania, chama Kenya, ikimina Rwanda, likelemba Kongo. Kinachokosekana mara nyingi ni swali moja kwa kila mwanachama kabla zamu yake haijafika: fedha hizi ni za nini, na kitakamilika lini? Asiye na jibu, fedha zake huishia kwenye matumizi ambayo baada ya wiki mbili hawezi kuyakumbuka.

Baada ya lengo huja kuthubutu jambo jipya. Hapa wazee wa soko watakumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Ni onyo zuri, lakini kuonja si kuhama. Anayeuza vitenge Kigoma anaweza kupanda gari hadi Bujumbura na mzigo mdogo, aingie Buyenzi ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaa, aulize bei, ale, alale, arudi. Akiona Kifaransa cha kwenye karatasi kinamshinda, amepata lengo la mwaka unaofuata.

Utaratibu wa kujaribu hivyo upo. Chini ya mfumo rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000, hupata cheti rahisi cha uasilia palepale mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Tozo na kodi nyingine zinaweza kubaki, kwa hiyo ni vema kuuliza kwanza. Hata hivyo, mlango wa kujaribu kwa mtaji mdogo uko wazi.

Wala si kila jipya liwe la fedha. Wapo wanaopita Holili na Taveta miaka nenda rudi, wakiutazama Mlima Kilimanjaro kupitia dirisha la gari. Pale Himo barabara inachepuka kwenda Marangu, lakini hawajawahi hata siku moja kushuka na watoto wao kuuona mlima kwa karibu. Siku kama hiyo hailipi deni, lakini humkumbusha mtu kwamba anafanya biashara ili aishi.

Atakayesema hana muda wa malengo kwa sababu anatafuta chakula cha leo, ana haki ya kusikilizwa. Lakini yeye ndiye njia ikifungwa huumia kabla ya wengine, kwa hiyo yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kujua anakokwenda. Karatasi moja ndani ya daftari la mauzo inatosha: jambo moja la kutimiza mwaka huu, jambo moja la kujaribu, na tarehe ya kila moja.