Meli Iliyotwaliwa kwa Vita

Meli ya Khedive Ismail iliundwa mwaka 1922 kwa kazi ya amani, kuchukua abiria na shehena. Mwaka 1940 ilitwaliwa na Waingereza kwa kupeleka askari vitani. Mwezi wa Februari 1944 iling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo, na ndani yake walikuwamo wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Wakafa watu 1,297.

Chombo kitwaliwapo, mwenyewe hupewa hati. Je, mama wa askari ana hati gani? Afaye baharini hana kaburi; alama yake ni jina lililoandikwa. Likikosewa herufi moja, mjane huhangaika milangoni pa ofisi hata haki yake ikapotea. Kosa hilo si la adui, ni la kalamu. Basi sisi makarani tusimfukuze aulizaye, na kila jina tulisome mara mbili mbele ya mwenyewe kabla ya kutia muhuri.