Msisubiri Mkesha Uishe

Ndugu zangu wa Kibiti, Bungu na Nyamisati, nanyi mlioko huko ndani, kwenye vijiji vya delta: mtoto akishikwa na degedege, mpelekeni kituo cha afya saa hiyo hiyo. Msingoje mkesha uishe, wala msimngoje mtumishi afike na mafuta. Mwombeeni njiani.

Mimi ni Mkristo. Nimewawekea wagonjwa mikono na nitaendelea kuwawekea, nimeona maombi yakimwinua mtu aliyekata tamaa akaanza tena kula. Kwa hiyo simpingi anayeomba. Ninachokipigia kelele ni neno moja linalozidi kusikika kwenye ibada zetu za uponyaji: acha dawa, ukiendelea kumeza unaonyesha huamini.

Huku pwani degedege lina historia yake. Wazee wetu walilihesabu kuwa ni shetani, na wengi waliamini kwamba mtoto akichomwa sindano katika hali ile atakufa. Wauguzi wamehangaika miaka na miaka kuling'oa wazo hilo. Sasa naliona linarudi likiwa limevaa shati la kanisani: shetani anaitwa pepo, badala ya kufukizwa anakemewa, na mtoto bado amelala mkekani macho yamegeuka, mwili wa moto, taya zimekaza. Mara nyingi kinachomtikisa ni homa, na huku kwetu homa hiyo mara nyingi ni malaria. Ikiwa kali inaweza kumuua mtoto ndani ya siku moja.

Anayeishi delta anajua siku moja ni nini. Maji yakipwa, boti inakaa juu ya tope katikati ya mikoko, na hata wanaume sita hawaisogezi. Mpaka yajae tena ni kama saa sita. Mkianza kukemea saa nne usiku wakati maji yamejaa, mkasema tumalize kwanza maombi, mtakapoinuka mkondo umekauka. Hapo hata mwenye boti akiwa na mafuta na moyo mwema, hawezi kutoka.

Mtoto aliyepata degedege, anayetapika kila kitu, aliyeshindwa kunyonya au kunywa, aliyelegea hata ukimwita haitiki: yeyote kati ya hao ni wa kwenda sasa. Akipimwa akakutwa na malaria akapewa dawa mseto, amalize dozi yote ya siku 3, hata kama siku ya pili anacheza.

Kwa watu wazima hatari huja polepole. Mwenye kifua kikuu hupata nafuu wiki za mwanzo, anaombewa, anashuhudia mbele ya kanisa, halafu anaona aibu kumeza dawa baada ya ushuhuda. Matibabu ni miezi 6 kwa kawaida; akikatiza katikati, kifua kinaweza kurudi kikiwa sugu, na wa kwanza kuambukizwa ni wanaolala naye chumba kimoja. Anayetumia ARV naye huambiwa kliniki kwamba virusi havionekani kwenye kipimo. Ni habari njema kweli kweli, ila maana yake ni kwamba dawa imevibana. Haina maana kwamba vimeondoka. Akiacha dawa, vinainuka. Naomba wachungaji wenzangu mlielewe hili kabla hamjampandisha mtu madhabahuni na karatasi yake.

Tumeshapita njia hii. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa dawa yake, kikombe kimoja shilingi 500. Wapo waliotolewa wodini wakafia kwenye foleni ya magari, na wapo walioacha ARV wakiamini wamepona. Tarehe 1 Februari 2020, kule Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kupita juu ya mafuta ya upako. Walikwenda kutafuta uzima. Sisi tuliwalilia, na kabla ya miaka mingi kupita tunarudia.

Anayesema dawa ni upungufu wa imani anieleze habari za Hezekia. Mfalme aliomba, akalia, Mungu akamsikia. Na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Paulo, ambaye kwa mikono yake wagonjwa walipona, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake.

Wazee wa kanisa, kama mna mkesha wiki hii, tangazo la kwanza liwe hili: aliye kwenye dawa asiache, na aliyekwisha kuacha arudi kliniki kesho asubuhi, hata kama ni miezi imepita. Mmoja wenu amsindikize. Na usiku huo huo mjue boti ya nani ina mafuta, nani ataiendesha, na maji yanajaa saa ngapi.