Vidhibiti joto viuzwe na maelezo ya Kiswahili

Kuna jambo ambalo wengine huenda wakaliona dogo, lakini sisi wa vijijini limekwisha kututia hasara, na lisipoangaliwa mapema litatutia msiba.

Wanaoijua Arusha wanajua kwamba miezi ya Juni, Julai na Agosti baridi ya huku si ya mchezo. Mjini penyewe ni kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Mlima Meru tuko juu zaidi. Ukungu hushuka jioni na hauondoki mpaka saa 4 asubuhi. Ndiyo miezi ambayo wananchi wengi hulaza jiko la mkaa ndani, wengine kwa ajili ya watoto, na wengine kwa ajili ya vifaranga vya kuku, ambavyo mara nyingi hutunzwa katika chumba kimojawapo cha nyumba hiyo hiyo.

Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu hupata usingizi mzito, na asipotolewa nje haamki tena. Mwaka juzi, katika kitongoji chetu, familia moja iliyolala chumba kimoja na vifaranga na jiko iliokolewa na jirani aliyepita alfajiri akagonga mlango bila kujibiwa. Tangu siku hiyo niliapa kwamba kwangu jiko halitalala ndani.

Kwa hiyo nilinunua balbu nyekundu ya wati 250 kwa ajili ya vifaranga 100. Lakini balbu hiyo ikiwaka mchana na usiku hula uniti 6 za umeme kwa siku. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa majumbani hupata bei nafuu asipozidi uniti 75 kwa mwezi. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wangu wa darasa la nne anaiweza: siku 13 tu, nimeshavuka. Ndipo nikashauriwa ninunue kidhibiti joto, ambacho mafundi wanakiita themostati. Unakiwekea kiwango cha joto unachotaka, nacho huwasha taa joto likipungua na kuizima likitosha. Nilikinunua dukani mjini.

Ndugu Mhariri, ndani ya boksi mlikuwa na karatasi moja ya maelezo, upande mmoja Kichina, upande wa pili Kiingereza cha herufi ndogo kama chembe za ulezi. Nilimwita fundi wetu wa umeme, kijana hodari aliyeunganisha nyumba nyingi hapa kijijini bila ajali. Kifaa kilikuwa na matundu 8 ya nyaya: 2 ya umeme unaoingia, 2 ya waya wa kupimia joto, 2 ya kupasha na 2 ya kupoza. Siku hiyo tulikuwa tumepasha chumba kwa jiko tangu asubuhi, na joto lilikuwa limefika nyuzi 35. Tukaweka kiwango cha 33. Fundi alipounganisha, taa ikawaka, tukashangilia. Nikatoa jiko nje, na saa 4 usiku nikaenda kulala.

Hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini taa ya kupasha iwake wakati chumba kina joto la kupita kiasi. Fundi alikuwa ameifunga kwenye matundu ya kupoza. Joto liliposhuka usiku, kifaa kilifanya kazi yake sawasawa: kilizima taa. Alfajiri nilikuta vifaranga vimerundikana pembeni, 31 vimekufa, vingine kwa baridi na vingine kwa kukandamizwa na wenzao.

Simlaumu fundi, maana kosa hilo ningelifanya hata mimi mwenye cheti cha ualimu. Maneno mawili tu, "kupasha" na "kupoza", yangalichapwa pembeni mwa matundu yale, vifaranga wale wangalipona. Safari hii waliokufa ni vifaranga. Kosa la namna hiyo kwenye hita ya maji au ya chumba cha mtoto litaleta habari nyingine.

Ili wenzangu wasipate hasara kama yangu, naeleza nilichojifunza baadaye. Kazi ya nyaya aifanye fundi, na swichi kuu ikiwa imezimwa. Ukimaliza, jaribu hivi: shika ncha ya kipimajoto kwapani, ambako joto ni karibu nyuzi 37, ikiwa umeweka 33, taa lazima izime. Kisha itie ncha hiyo katika maji ya baridi. Taa lazima iwake. Ikiwa kinyume, umefunga kama nilivyofunga mimi. Ncha iwekwe kwenye kimo cha mgongo wa kifaranga, siyo ukutani wala chini kabisa ya taa. Nafasi kati ya kuwaka na kuzima iwe nyuzi 1 au 2, la sivyo kifaa kitawasha na kuzima kila mara mpaka kiharibike. Wiki ya kwanza anza na 33 hivi, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Na zaidi ya yote watazame vifaranga wenyewe: wakijikusanya chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema wana joto, wakitawanyika wanakula wako sawa. Umeme ukikatika, madumu ya maji ya moto yaliyofungwa kwa magunia husaidia kuliko jiko.

Sasa ninawauliza wahusika. Mwaka 2021 UNESCO iliamua tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka huo huo Bunge letu lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Tulifurahi sana. Lakini lugha iliyotukuzwa hivyo inakosaje nafasi kwenye boksi la kifaa kinachoshika umeme katika nyumba ya mkulima?

Najua watakaosema tutumie simu kutafsiri. Mimi nilijaribu, nikaletewa maneno yasiyoeleweka. Wengine watasema bei itapanda. Karatasi moja iliyochapwa itapandisha bei kwa kiasi gani, ukilinganisha na vifaranga 31?

Nashauri mambo matatu. Kwanza, Shirika la Viwango Tanzania liangalie uwezekano wa kumtaka kila mwingizaji wa vifaa vya umeme vya nyumbani aweke maelezo ya Kiswahili, yakiwa yamepitiwa na BAKITA, ambalo tunalo tangu 1967. Pili, hapa Arusha tuna SIDO, tuna CAMARTEC, tuna Chuo cha Ufundi. Wataalamu hao wakitoa karatasi ya ukurasa mmoja juu ya kufunga na kupanga kidhibiti joto, sisi walimu tutaibandika shuleni na kwenye ofisi za vijiji bila kudai posho. Tatu, sisi walimu wenyewe tuache kufundisha kipimajoto kama picha ya ubaoni. Tangu 1967 tunaimba Elimu ya Kujitegemea. Basi mtoto anayemaliza darasa la saba aweze kusoma maelezo ya kifaa na kukijaribu kabla ya kukiamini.

Msimu wa baridi huja kila mwaka, na majiko bado yanalala ndani. Wahusika wasingoje mpaka tuzike mtu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Arumeru, Arusha.