Una laini mbili za neti, lakini nguzo ni moja

Kama umefungua kiofisi mtaani, iwe saiba, studio au chumba mnachochanga kodi ili mfanye kazi za mtandaoni, usianze kwa kuuliza neti ina spidi gani. Uliza hivi: ikipotea saa nane mchana, nitafanyaje?

Mimi nilijifunza kwa machungu. Tulikuwa wanne hapa Ayany, chumba cha juu ya duka, tukisikiliza sauti za wateja wa ng'ambo na kuziandika. Tulijiona wajanja kwa sababu tulilipia faiba za kampuni mbili. Siku moja lori likagonga nguzo nje ya geti na waya zote mbili zikaanguka pamoja. Kazi ikachelewa, mteja akatafuta wengine, na kodi ya mwezi huo tukailipa kwa deni.

Kosa halikuwa la lori peke yake. Sisi tulikuwa tumenunua kitu kimoja mara mbili.

Hata wakubwa yamewakuta. Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na neti ikawa ya kuvuta kamba Kenya, Tanzania na kwa majirani. Kenya haikuzimika kabisa kwa sababu kuna kebo zinazopita kwingine, kama TEAMS inayotoka Mombasa hadi Fujairah. Kinga ni njia tofauti.

Kwa hivyo laini ya kwanza iwe faiba, ya pili iwe ya hewani, 4G au 5G, ya kampuni nyingine. Halafu nunua ruta inayoweza kuhama yenyewe. Angalia nyuma: iwe na matundu mawili yaliyoandikwa WAN, au moja pamoja na nafasi ya kadi ya simu. Muulize muuzaji kama inapima neti yenyewe au inaangalia waya tu. Mara nyingi waya uko sawa, taa inawaka, na neti haipo.

Usidanganywe pia kwamba laini mbili za Mbps 20 zitashusha faili moja kwa Mbps 40. Kwa ruta nyingi, zinagawana watu na kazi tu.

Na stima je? Usiku wa 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia giza. Ruta bila betri ni pambo la meza.

Utasema haya ni mambo ya ofisi za Upper Hill. Hapana. Mwaka 2013 watu wa Ushahidi, hapa hapa Nairobi, walitangaza BRCK, ruta yenye betri ya karibu saa nane, inayohamia laini ya simu neti ya waya ikipotea. Waliiwazia mazingira kama yetu.

Ukishafunga yako, fanya jambo moja kabla hujamlipa fundi: chomoa waya wa faiba mkiwa katikati ya simu ya video. Simu ikikwama kidogo kisha ikaendelea, sawa. Ikifa kabisa, fundi bado hajamaliza kazi.