Bonde Moja, Kamati Ngapi?

Kiangazi kinapokausha nyasi za juu, ng'ombe hushuka kufuata majani mabichi ya Mto Kilombero, na njiani hukutana na mashamba ya mpunga. Wapite wapi? Swali ni moja, lakini wenyewe ni wengi. Mpango wa matumizi ya ardhi una kamati yake kijijini. Msitu ulio njiani uko mikononi mwa kamati ya maliasili. Ukingo wa mto unaiangukia kamati ya mazingira, inayotokana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na maji yenyewe yana jumuiya ya watumia maji, zao la Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Mkulima na mfugaji wakishagombana, usuluhishi unalihusu baraza la ardhi la kijiji. Ushauri ukipanda ngazi, lipo Baraza la Maendeleo ya Kata, na juu yake Kamati ya Ushauri ya Wilaya, iliyowekwa na sheria ya 1997. Kutoka Ifakara hadi Malinyi hatujapungukiwa vikao. Tumepungukiwa majibu, na naamini wingi wa vikao ndio unaoyaficha majibu hayo: kila kamati ikiwa na kipande cha swali, hakuna hata moja inayoweza kudaiwa swali zima.

Tazama maamuzi makubwa ya bonde. Mwaka 2002 ardhioevu hii iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Mwaka 2012 wafugaji na mifugo yao waliondolewa kwa operesheni. Mwaka 2023 sehemu ya bonde ikatangazwa Pori la Akiba la Kilombero. Maamuzi ya uzito huo hutoka serikalini, na sababu zake si ndogo: zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, hutoka huku. Kwa hiyo ushauri wa vijiji una thamani kubwa. Lakini ushauri uliogawanyika katika mihtasari mitano, kila mmoja ukienda kwa idara yake, haufiki mezani kama sauti ya kijiji. Wanaoitoa sauti hiyo nao mara nyingi ni walewale, wanaoacha palizi kwenda kukaa chini ya mwembe bila posho.

Ningependekeza kamati za ardhi, maliasili na mazingira ziunganishwe ziwe moja, chini ya halmashauri ya kijiji, ambayo tayari ina wajumbe 15 hadi 25 waliochaguliwa. Kamati inayozaliwa na mradi ife mradi unapokwisha. Marekani iliweka jambo hilo katika sheria ya 1972: kamati ya ushauri hukoma baada ya miaka miwili isipohuishwa. Kubwa kuliko yote, anayepelekewa ushauri alazimike kujibu kwa maandishi, na jibu lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Baraza la ardhi lisiguswe, kwa kuwa msuluhishi hafai kuwa mpangaji. Wala vyombo vya kuendesha miradi ya maji havimo katika hesabu hii. Vyombo hivyo hukusanya fedha na kutengeneza mabomba.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la wanawake. Kamati nyingi ni viti vingi, na kwa mwanamke wa kijijini kiti cha kamati huenda kikawa mlango wake wa kwanza wa uongozi. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo maana idadi ya viti vya wanawake iandikwe katika kamati mpya, kama sheria ilivyofanya kwa baraza la ardhi, ambako watatu kati ya wajumbe saba lazima wawe wanawake. Wengine watasema kamati moja ni rahisi kwa mwenyekiti kuiteka. Inawezekana. Lakini kamati tano zisizojibiwa hazimzuii pia, na zinampa pa kujificha. Afisa wa idara naye atadai kuwa msitu na maji vina utaalamu tofauti. Ni kweli, na huo ndio utaalamu anaoajiriwa yeye kuuleta. Mwanakijiji hahitaji kukatwa vipande ili umfikie.

Halmashauri za vijiji zilizochaguliwa Novemba 2024 zina kipindi cha miaka mitano cha kulijaribu pendekezo hili. Njia moja ya ng'ombe, ikipimwa, ikawekewa alama na kujibiwa kwa maandishi kabla ya masika, yatosha kuanzia.